Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Serikali ya Afrika Kusini na Haki Sawa za Wapenzi wa Jinsia Moja na Watu Waliobadili Jinsia

Kwa nini ukurasa huu unahusu Afrika Kusini?

Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani ambayo katiba yake ilitaja waziwazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Mwaka 2006 ikawa nchi ya tano duniani kuruhusu ndoa za watu wa jinsia moja, na hadi sasa ni nchi pekee barani Afrika yenye sheria hiyo. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaishi huko, wakiwemo Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, na wengi zaidi husikia habari za nchi hiyo kwa uvumi, upande mmoja ukisema huko kila kitu ni ruhusa na upande mwingine ukisema sheria zote ni za makaratasi tu. Pande zote mbili zinakosea, na kuna watu wanaoumia kwa makosa hayo.

Ukurasa huu unatumia maneno gani, na kwa nini hautumii neno "shoga"?

Katika Kiswahili cha pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, na mpaka leo mwanamke wa Zanzibar au Mombasa humwita mwenzake "shoga yangu" bila kukusudia jambo jingine lolote. Neno hilo likahamishwa, likawa tusi kwa wanaume, na siku hizi wapo wanaume wanaojiita hivyo wenyewe ili kuliondolea sumu. Hiyo ni haki yao. Sisi tunaoandika kuwahusu watu wengine tutasema wapenzi wa jinsia moja, watu waliobadili jinsia, na huntha kwa wale waliozaliwa na maumbile ya jinsia mbili. Pale tunapowataja wote kwa pamoja tutatumia herufi LGBT, ambazo zimekwisha kuzoeleka.

Katiba ya Afrika Kusini inasema nini hasa?

Kifungu cha 9 cha Katiba ya mwaka 1996 kinaikataza dola kumbagua mtu yeyote isivyo haki, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi kadhaa inayotajwa mmoja mmoja: rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, asili, mwelekeo wa kimapenzi, umri, ulemavu, dini, utamaduni, lugha na mingineyo. Ibara inayofuata inawakataza watu binafsi jambo hilohilo, kwa hiyo mwenye nyumba, mwajiri na mwenye duka nao wamefungwa.

Kuna ibara moja fupi mwishoni ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye meno. Inasema kwamba ubaguzi uliofanywa kwa msingi wowote kati ya hiyo iliyotajwa utahesabiwa kuwa si wa haki mpaka ithibitishwe kuwa ni wa haki. Maana yake ni kwamba mlalamikaji akishaonyesha kuwa alibaguliwa, mzigo wa kujieleza unamhamia aliyembagua. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ya serikali akiambiwa athibitishe kwamba ameonewa ataelewa tofauti iliyopo.

Kifungu hicho kiliingiaje katika Katiba?

Kiliingia kwa sababu waliokipigania walikuwa ndani ya harakati za ukombozi tangu mwanzo. Simon Nkoli alikuwa kijana wa Kiafrika, mwanaharakati dhidi ya ubaguzi wa rangi, na mpenzi wa jinsia moja aliyekataa kuficha mojawapo ya mambo hayo. Alikamatwa mwaka 1984 na kushtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake katika kesi iliyojulikana kwa jina la mji wa Delmas. Gerezani aliwaambia wenzake ukweli kuhusu nafsi yake. Baadhi yao walitaka ashtakiwe peke yake, wakihofia kwamba angewachafulia jina, na palikuwa na mabishano makali. Hatimaye walibaki naye. Miongoni mwa washtakiwa wenzake walikuwamo Mosiuoa Lekota na Popo Molefe, ambao miaka ya baadaye walishika madaraka makubwa serikalini, na inakuwa vigumu kumnyima haki mtu uliyekabiliwa naye na kitanzi.

Nkoli aliachiwa huru mwaka 1988, akaanzisha chama cha wapenzi wa jinsia moja cha watu wa rangi zote mjini Johannesburg. Tarehe 13 Oktoba 1990, yeye, Bev Ditsie na wenzao waliongoza maandamano ya kwanza ya aina yake nchini humo. Kuna jambo dogo la siku ile ambalo halipaswi kusahaulika: waandaaji waliwatolea mifuko ya karatasi wale walioogopa kutambuliwa, na baadhi ya waandamanaji walitembea barabarani wakiwa wameivaa kichwani, imetobolewa matundu ya macho. Miaka mitatu baadaye katiba ya mpito ilitaja mwelekeo wa kimapenzi kwa maneno bayana, na katiba ya kudumu ikayabakiza maneno hayo.

Chama cha ANC nacho kilikuwa kimeanza kubadilika kikiwa uhamishoni. Mwaka 1987, baada ya mmoja wa viongozi wake jijini London kulidharau suala hili mbele ya waandishi, Thabo Mbeki aliandika barua ya kuahidi kwamba chama hicho kingeheshimu haki za wapenzi wa jinsia moja.

Je, ni kweli kwamba serikali ilitoa haki hizi kwa hiari yake?

Kwa sehemu ndogo tu. Hili ndilo swali ambalo tungependa msomaji alikalie muda mrefu kuliko mengine yote.

Zipo sheria ambazo Bunge lilizitunga bila kushurutishwa, hasa zile za kazi, na ile ya mwaka 2000 inayokataza ubaguzi kwa jumla. Lakini ukizisoma hukumu kubwa, utakuta upande wa pili jina ni lilelile la waziri. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la kujamiiana kati ya wanaume, katika kesi dhidi ya Waziri wa Sheria. Mwaka 1999 iliamua kwamba mgeni aliye mwenzi wa raia wa jinsia moja naye anastahili kupewa kibali cha ukaazi kama wanavyopewa waume na wake, na aliyekuwa akipinga ni Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 2002 Kathleen Satchwell, ambaye mwenyewe alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, alilazimika kushtaki ili mwenzi wake apate mafao ambayo wenzi wa majaji wengine walikuwa wakiyapata. Mwaka huohuo wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto pamoja walishinda haki ya kuwaasili kwa pamoja. Ndoa nazo zilipatikana kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo tunaposema kwamba serikali inaunga mkono haki hizi, tunasema mambo matatu kwa pamoja: kwamba ilikubali kuandikiwa kifungu kinachoibana, kwamba iliacha mahakama iwe huru, na kwamba iliposhindwa ilitii. Msaada wa aina hiyo hauwategemei viongozi wenye moyo mwema, nao huja na kupita. Jengo la Mahakama ya Katiba mjini Johannesburg limejengwa mahali palipokuwa gereza la kale la Old Fort. Matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yalitumika kujengea ukuta wa chumba cha mahakama, na mtu anayemshtaki waziri leo anasimama mbele ya matofali hayo.

Kufutwa kwa kosa hilo mwaka 1998, je, kulihalalisha kulawiti watoto?

La, hata kidogo. Swali hili huulizwa kwa sababu magazeti yetu hutumia neno kulawiti kwa unyama wanaotendewa watoto na pia kwa uhusiano wa watu wazima wawili walioridhiana, kana kwamba ni kitu kimoja. Mahakama ilifuta sheria iliyowaadhibu watu wazima kwa jambo la faraghani ambalo halikumdhuru mtu. Pamoja nayo ilifutwa sheria ya ajabu, iliyotungwa baada ya polisi kuvamia sherehe katika mtaa wa Forest Town mwaka 1966, ambayo ilimfanya mwanaume kuwa mhalifu kwa tendo lolote la kuamsha ashiki na mwanaume mwingine endapo mtu wa tatu yupo.

Kuhusu watoto, sheria ilizidi kuwa kali. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2007 ilipanua maana ya ubakaji hata ikawahusu wavulana na wanaume, ambao kabla ya hapo sheria haikuwatambua kuwa wanaweza kubakwa. Umri wa kuridhia ni miaka 16 kwa kila mtu.

Ndoa zilikujaje, na zinafungwaje?

Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba, katika hukumu kuu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, iliamua kwamba kuwanyima wapenzi wa jinsia moja ndoa ni kuwabagua, ikalipa Bunge mwaka mmoja kurekebisha sheria. Bunge lisingefanya hivyo, maneno yaliyokosekana yangehesabiwa kuwa yamo katika Sheria ya Ndoa. Muswada wa kwanza uliwapa ushirika tu usioitwa ndoa, nao ulipingwa na kubadilishwa. Bunge la Taifa lilipitisha Sheria ya Muungano wa Kiraia kwa kura 230 dhidi ya 41, ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kwisha.

Kwa vitendo ni kama ndoa ya bomani tunayoijua. Wawili wenye umri wa miaka 18 au zaidi wanafika ofisi ya Mambo ya Ndani na vitambulisho vyao na mashahidi, wanaulizwa kama wanataka muungano wao uitwe ndoa au ushirika wa kiraia, wanatia saini, wanapewa cheti. Watu wa jinsia tofauti nao wanaweza kuitumia sheria hiyo.

Na kama afisa wa ndoa akikataa kuwafungisha?

Hapa palikuwa na tundu kubwa. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kilimruhusu afisa wa serikali kuandika barua ya kusema kwamba dhamiri yake haimruhusu kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja, naye akasamehewa. Zaidi ya maafisa 400 wa wizara, kati ya takriban 1,100, walipata msamaha huo. Hebu fikiria wanandoa watarajiwa wa mji mdogo ambako ofisi ina afisa mmoja tu na barua yake iko kwenye faili: wamevaa nguo zao mpya, wamekuja na mashahidi, wanaambiwa waende mji mwingine. Hakuna aliyevunja sheria, na haki yao haipo.

Bunge lilikifuta kifungu hicho kupitia muswada binafsi wa mbunge Deidre Carter, na Rais Cyril Ramaphosa akautia saini mwaka 2020. Waliokuwa wamesamehewa walipewa miezi 24 kabla msamaha wao haujakoma. Tunauona uamuzi huo kuwa sahihi, kwa kuwa afisa anayelipwa na kodi za watu wote hawezi kuchagua ni walipa kodi gani atawahudumia.

Je, makanisa na misikiti inalazimishwa kufungisha ndoa hizi?

Hailazimishwi. Sheria ya Muungano wa Kiraia inaitaka taasisi ya dini yenyewe iombe idhini kama inataka, na kiongozi wa dini anabaki na haki ya kukataa. Mpho, binti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu, alipofunga ndoa na mwanamke mwishoni mwa mwaka 2015, ilimbidi aache huduma yake ya upadri katika Kanisa la Anglikana nchini humo, na serikali haikuingilia. Mpaka huo, hata hivyo, haujanyooka wote. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Pretoria ilibatilisha uamuzi wa kanisa moja kubwa la Kireformati lililowawekea masharti ya useja wachungaji wapenzi wa jinsia moja, ikiona kwamba utaratibu ulikiukwa na kwamba ulikuwa ubaguzi. Muumini mwenye wasiwasi kuhusu uhuru wa dini yake ana haki ya kuuliza maswali kuhusu hukumu kama hiyo, nasi hatuyaoni kuwa ya chuki.

Watu waliobadili jinsia na huntha wanalindwaje?

Sheria Na. 49 ya mwaka 2003 inamruhusu mtu kuomba jinsia iliyoandikwa kwenye rejista ya vizazi ibadilishwe, akiwa na ripoti za wataalamu wa afya, bila kulazimika kufanyiwa upasuaji. Taabu huanzia ofisini: maombi hukaa muda mrefu, na makarani wengine hudai upasuaji ambao sheria haikuutaja.

Mfano ulio wazi ni kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Western Cape mwaka 2017. Wanandoa ambao mmoja wao alikuwa amebadili jinsia waliambiwa kwamba lazima wapeane talaka kwanza, kwa kuwa walioana chini ya sheria ya ndoa ya mume na mke, na kuna ambao ndoa yao ilifutwa kabisa kwenye kumbukumbu za serikali. Watu waliopendana na kuishi pamoja walikuta kompyuta inasema hawajawahi kuoana. Mahakama iliamua kwamba kubadilishwa kwa jinsia hakuivunji ndoa.

Ikiwa sheria ni nzuri hivyo, mbona watu bado wanauawa?

Zoliswa Nkonyana aliuawa Khayelitsha Februari 2006, mwaka uleule wa sheria ya ndoa, na kundi la vijana, kwa sababu alikuwa msagaji. Alikuwa na umri wa miaka 19. Kesi iliahirishwa mara nyingi hata hukumu ya kifungo ikatoka mwaka 2012. Eudy Simelane, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, alibakwa na kuuawa KwaThema Aprili 2008. Imamu Muhsin Hendricks, aliyejulikana duniani kwa kuwapokea Waislamu wapenzi wa jinsia moja, alipigwa risasi ndani ya gari karibu na Gqeberha tarehe 15 Februari 2025.

Serikali iliunda kikosi kazi cha taifa mwaka 2011, ikatoa mkakati wa kitaifa mwaka 2014, na Mei 2024 Rais akatia saini sheria ya kuzuia uhalifu na kauli za chuki, iliyosubiriwa miaka mingi. Kutiwa saini si kuanza kutumika, kwani sheria hiyo huanza tarehe itakayotangazwa na Rais. Kwa maoni yetu ucheleweshaji huu ndio doa kubwa kuliko yote katika rekodi ya serikali hiyo. Kifungu cha katiba kinamzuia afisa, lakini hakimzuii muuaji. Anayeweza kumzuia muuaji ni polisi anayefungua jalada siku ileile, anayehifadhi ushahidi, na asiyemcheka mlalamikaji, na katika vitongoji maskini vya watu weusi polisi huyo amekuwa adimu.

Msimamo wa serikali hiyo nje ya nchi ukoje?

Umekuwa wa kuyumba. Juni 2011 Afrika Kusini iliongoza azimio la kwanza la Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kuhusu jambo hili, lililopita kwa kura 23 dhidi ya 19. Mwaka 2016 Baraza lilipopiga kura ya kuteua mtaalamu huru wa kulifuatilia, Afrika Kusini haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Tena mwaka 2010 ilimtuma Jon Qwelane kuwa balozi wake nchini Uganda, wakati ambapo alikuwa na kesi kuhusu makala yake ya mwaka 2008 ya kuwadhalilisha wapenzi wa jinsia moja, huku muswada mkali dhidi yao ukijadiliwa Kampala. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilithibitisha kwamba makala yale yalikuwa kauli ya chuki. Qwelane alikuwa amekwisha kufariki.

Mtu aliyekimbia mateso nchini kwake kwa sababu hii anaweza kuomba hifadhi huko?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataja mwelekeo wa kimapenzi katika maana ya kundi la kijamii linalostahili hifadhi, na tangu Uganda ilipopitisha sheria yake ya mwaka 2023 dhidi ya wapenzi wa jinsia moja swali hili linaulizwa zaidi. Mwombaji ajiandae kwa foleni na usaili wa maswali ya ndani sana. Aeleze mambo kwa mfuatano na tarehe, na aombe mkalimani anayemwamini, kwa sababu wakati mwingine mkalimani wa Kiswahili anayeletwa ni mtu wa jamii ileile anayoiogopa.

Haki hizi zina uhusiano gani na Kenya au Tanzania?

Watu wengi husema kwamba haki hizi zimeletwa kutoka nje. Kosa lililofutwa Afrika Kusini lilitokana na sheria za Kirumi na Kidachi zilizoletwa na wakoloni, na vifungu vya makosa "kinyume cha maumbile" katika sheria za Kenya na Tanzania vilirithiwa kutoka kwa Waingereza. Tusiende mbali kupita kiasi upande wa pili pia: ndoa za nyumba ntobhu za Wakurya, ambapo mwanamke huoa mwanamke, ni za kutafuta kizazi na urithi, na si haki kuzitumia kama ushahidi wa jambo jingine.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haitaji mwelekeo wa kimapenzi, na kifungu cha 45 kinazungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu vya adhabu. Hata hivyo, Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kukataa kulisajili shirika kwa sababu ya mwelekeo wa wanachama wake ni ubaguzi.

Mtu aliyebaguliwa Afrika Kusini leo aanzie wapi?

Ikiwa ni jambo la kazi, aende kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, CCMA, ndani ya siku 30 kama amefukuzwa, au ndani ya miezi sita kama amebaguliwa bila kufukuzwa. Kwa mambo mengine, kama nyumba, shule, hospitali, duka au matusi ya hadharani, aende mahakama ya hakimu iliyo karibu naye na kuulizia mahakama ya usawa, yaani ile inayosikiliza malalamiko ya ubaguzi. Kufungua lalamiko hakulipiwi, wakili si lazima, na karani anapaswa kumsaidia kujaza fomu. Anaweza pia kuandika kwa Tume ya Haki za Binadamu, ambayo humshtakia mtu bila malipo inapoona kesi inafaa. Kabla ya yote hayo, siku hiyohiyo, aandike kwenye karatasi tarehe, saa, mahali, jina la aliyemkataa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha kifuani, na maneno yenyewe aliyoambiwa, kwa lugha aliyoambiwa.